Viinitete vitatu vizuri, hakuna kilichoshika: kisa cha dada aliyeambiwa damu yake haina VEGF ya kutosha

Alikuja na faili nene, na juu kabisa ya faili kaweka karatasi moja ya maabara, kaiweka makusudi ili niione kabla ya kitu kingine chochote. Kipimo cha VEGF kwenye damu, namba ipo, pembeni mtu kaandika kwa kalamu "ipo chini". Alikuwa ameshaambiwa kwamba hiyo ndo sababu viinitete vyake havishiki, kwamba mwili wake hautengenezi kichocheo cha kutosha cha kuotesha mishipa ya damu, na kwamba kuna sindano za kuwekwa ndani ya kizazi zitaleta mishipa mipya. Akaniuliza, "Dokta, hizo sindano tunaanza lini?"

Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake na vitu vya kumtambulisha nimeviondoa. Nimeamua kukiandika chote kwa sababu kila wiki nakutana na mtu anayeongelea VEGF kama mbolea, yaani unaongeza, mishipa inaota, mimba inashika, na kwa dada huyu mawazo ya aina hiyo yalichelewesha jibu ambalo lilikuwepo kwenye historia yake tangu mwanzo.

Ana miaka 34. Miaka minne nyuma alibeba mimba bila msaada wowote, ikaharibika wiki ya 9, akasafishwa, mabaki yakabaki ndani, akapata homa na uchafu wenye harufu, akasafishwa mara ya pili. Baada ya hapo hedhi yake iliyokuwa ya siku tano ikawa ya siku moja na nusu, matone tu. Hilo la hedhi halipo popote kwenye lile faili nene. Nililipata kwa kumuuliza, na alijibu kama jambo la kawaida kabisa, akasema mwanzoni hata alifurahi maana hedhi zilikuwa zinamsumbua sana na maumivu. Baadaye mimba ikakataa, vipimo vikaonyesha mirija yote miwili imeziba karibu na kizazi, haijajaa maji, imeziba tu, basi akaelekezwa IVF, yaani mayai yanarutubishwa maabara.

Alipochochewa mayai alitoa mayai 22, na siku chache baada ya ile sindano ya hCG ya kukomaza mayai tumbo likajaa, nguo hazifungi, akipanda ngazi pumzi inakata, altrasaundi ikaonyesha maji tumboni. Wenzetu waliokuwa wanamhudumia waliamua vizuri kabisa, wakagandisha kila kitu wakamwacha apone kwanza. Akabaki na blastosisti 7, yaani viinitete vya siku ya 5 au 6. Halafu akawekewa kimoja kimoja, mara tatu, kila mara kwa utaratibu ule ule wa vidonge vya estrojeni miligramu 6 kwa siku na baadaye projesteroni. Unene wa ukuta wa ndani wa kizazi ulikuwa milimita 5.9, halafu 5.6, halafu 6.1. Kiinitete cha tatu kilipimwa kromosomu na kilikuwa sawa. Mara zote tatu hCG, homoni inayopimwa kujua kama kuna mimba, ilikuwa sifuri, yaani hata ile dalili ya kushika na kuachia haikuwepo.

Sasa tuanze na ile karatasi, maana ndo ilikuwa imembeba moyo wake.

VEGF ni protini inayoambia seli za mishipa ya damu mambo mawili, legeza kuta zenu na anzeni kuchipua. Hilo la kwanza ndo lilijulikana kwanza. Mwaka 1983 maabara ya Harold Dvorak kule Marekani waliipata kama kitu kinachofanya mishipa ivuje, na jina walilolipa lilihusu kuvuja tu, hakuna habari ya kukua. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakaitenga kama kichocheo cha kukuza seli za mishipa, na ikaja kuonekana ni molekuli ile ile moja. Mi huwa nasisitiza hii historia kwa sababu watu wanasikia neno "kukuza" wanasahau kuvuja, wakati kwenye kujipandikiza kwa kiinitete kuvuja ndo hatua ya mwanzo kabisa.

Na kuvuja ndo kulikomjaza dada huyu maji tumboni. hCG inazisukuma ovari zilizochochewa zitoe VEGF nyingi sana, mishipa inalegea, maji ya damu yanatoka kwenye mishipa yanaingia tumboni. Kwa hiyo mtu ambaye VEGF yake mwenyewe ilimvimbisha hadi akashindwa kupanda ngazi, miezi michache mbele anaambiwa mwili wake haujui kutengeneza VEGF. Nilipomwekea hayo mambo mawili mezani alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe ni kitu kile kile?" Ndio dada, kile kile, ila mahali pengine na siku nyingine.

Kipimo chenyewe pia kina shida yake. VEGF nyingi iliyoko kwenye damu imebebwa ndani ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, damu ikiachwa igande kwenye chupa zile chembe zinamwaga zilichobeba kwenye maji ya juu, ambayo ndo yanapimwa. Hivyo namba unayoipata inategemea sana una chembe sahani ngapi na chupa ilikaa muda gani kabla ya kuzungushwa. Kuhusu kile kinachotokea kwenye tabaka jembamba ndani ya kizazi, siku ya 20 ya mzunguko, namba hiyo haisemi lolote. Sikumrudishia kipimo hicho na sikumwandikia kingine.

Ngoja nieleze kinachotakiwa kutokea pale ndani, maana bila hilo maamuzi yetu yaliyofuata hayataeleweka.

Kiinitete kikishaingia kwenye kizazi kinakuwa blastosisti siku ya 5 au 6, kinatoka kwenye ganda lake, kinasogelea ukuta, kinagusa, kinanata, halafu kinachimba hadi kinazama na ukuta unakifunika kwa juu. Ukuta wenyewe unapokea kwa siku chache tu, kwenye mzunguko wa siku 28 ni kama siku ya 20 hadi 24. Kabla ya hapo estrojeni imeshajenga unene na kupandisha VEGF, kwa panya inapanda ndani ya saa chache tu baada ya estrojeni kuingia, halafu projesteroni inageuza ukuta uwe laini, wenye tezi zinazotoa majimaji na ateri ndogo zilizojisokota kama springi. Ukitaka kuona jinsi mishipa inavyotangulia, kuna jaribio la zamani la panya ambalo nalipenda sana: unamdunga rangi ya bluu kwenye mshipa siku ya kujipandikiza, rangi inabaki ndani ya mishipa kote isipokuwa pale kiinitete kilipo, pale inavuja, na ukifungua kizazi unakuta mikanda ya bluu imepangana, kila mkanda kiinitete kimoja, wakati hata uvimbe wa mimba bado hauonekani kwa macho. Ukimpa panya kingamwili ya kuzuia VEGF ule uvimbe wa maji hautokei na kujipandikiza kunakwama.

Ila VEGF haifanyi kazi peke yake na hapa ndo wauzaji wa sindano huwa wananyamaza. Kuna protini nyingine mbili zinazoitwa anjiopoietini, ya kwanza inaituliza mishipa na kuikaza, ya pili inailegeza ili VEGF iweze kuichipusha, na kama ya pili ipo lakini VEGF haipo mishipa iliyolegezwa inakufa. Kuna PlGF, ndugu wa VEGF, anayetoka hasa kwenye kondo la nyuma. Kuna kipokezi kinachoelea bila kushikamana na seli, kinaitwa sFlt-1, kazi yake ni kunasa VEGF na PlGF zisizidi mipaka. Na kuna seli za NK za kizazi (kifupi cha "natural killer", wauaji wa asili), ambazo mwanzoni mwa mimba ni karibu asilimia 70 ya chembe nyeupe zote zilizoko kwenye ule ukuta, watu wanaziogopa kwa sababu ya jina lakini kazi yao kubwa pale ni kutoa hivi hivi vichocheo na kusaidia ateri kupanuka. Kiinitete nacho kinatoa chake. Wote wanaongea kwa wakati mmoja, sehemu ndogo kuliko punje ya mchele.

Kiasi nacho ni cha kubana sana. Mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba kijusi cha panya kikipoteza nakala moja tu ya jini ya VEGF, yaani kikabaki na nusu, kinakufa katikati ya ujauzito kwa sababu mishipa haijengeki. Sawa, watu wakasema basi iongezwe. Mwaka 2000 ikaonyeshwa kwamba ukiipandisha mara mbili au tatu tu juu ya kawaida, kijusi cha panya pia kinakufa, moyo unakosea kujijenga. Hiyo ndo sababu nikisikia "tutaongeza VEGF" swali langu la kwanza ni wapi, siku gani, na kiasi gani, na sijawahi kujibiwa.

Kitu kingine ambacho wengi hawakitegemei: wiki za mwanzo kiinitete hakitaki damu nyingi ya mama. Seli zake zinazochimba, trofoblasti, zinaingia kwenye midomo ya zile ateri zilizojisokota na kuiziba kama kizibo, na hadi wiki ya 8 hivi oksijeni kwenye kondo linaloanza ni ndogo, kama milimita 20 za zebaki, inapanda kufika kama 60 ikifika wiki ya 12 vizibo vikishafunguka. Ile oksijeni ndogo ndo inayowasha vichocheo vya mishipa. Damu ikiingia kwa nguvu mapema kuliko inavyotakiwa mimba inaumia. Kwa hiyo hata dawa za kupanua mishipa, kama sildenafili ambayo watu wanaandikiwa sana kwa ukuta mwembamba, mi sikuona sababu ya kumpa dada huyu kabla hatujajua ukuta ni mwembamba kwa nini.

Na hapo ndo nilirudi kwenye hedhi ya siku moja na nusu.

Ukuta wa ndani wa kizazi una tabaka mbili kwa lugha rahisi. La juu linamwagika kila mwezi, la chini linabaki na ndo linaloota upya, tezi na mishipa, bila kuacha kovu. Ni tishu ya ajabu kweli. Miaka ya 1930 hivi mtafiti anaitwa Markee alichukua vipande vya ukuta huo akavipandikiza ndani ya jicho la nyani ili aangalie kwa macho yake mishipa inavyojisokota na kufunga na kuota tena mwezi hadi mwezi, matokeo akayachapisha 1940. Lakini ukikwangua mpaka ukalitoa lile tabaka la chini, hasa kizazi kikiwa kimetoka kubeba mimba na kuna maambukizi juu yake, kinachoota ni kovu. Kovu halina tezi, halina zile ateri. Wanawake wenye ukuta mwembamba ukiwapima kwa dopla, altrasaundi inayopima mwendo wa damu, unakuta ukinzani wa damu kwenye ateri ndogo uko juu, na ukichukua sampuli ya ukuta VEGF iko chini. Watu wanasoma sentensi hiyo wanasema basi tatizo ni VEGF. Mi naisoma kinyume kwa mgonjwa kama huyu, tezi ndo zinazotoa sehemu kubwa ya VEGF hapo, tezi zikipungua VEGF lazima ipungue. Imepungua kwa sababu mtengenezaji hayupo.

Tulimwingizia kamera, histeroskopi, siku ya 9 ya mzunguko. Tukakuta utando wa makovu umeshikanisha ukuta wa mbele na wa nyuma upande wa juu kulia, kama vidole vitatu hivi, na pale panapozunguka makovu tishu ni nyeupe, imepauka, huoni mishipa. Kushoto na katikati ukuta uko vizuri, mwekundu, umejaa. Picha hiyo ilimaliza mjadala wa karatasi ya maabara, maana kama damu yote ya mwili ingekosa kichocheo, kwa nini kushoto kunaota na kulia hakuoti? Tulikata makovu kwa mkasi mdogo, hatukutumia umeme kwa sababu joto linaweza kuunguza kile kidogo cha tabaka la chini kilichobaki. Tukachukua kipande kutoka upande wenye afya, maabara wakakuta seli za plazima, yaani kulikuwa na inflamesheni ya muda mrefu inayochoma polepole bila homa wala maumivu. Akapewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 14.

Katikati ya matibabu akaniuliza tena kuhusu zile sindano. Zilikuwa ni PRP, plazima yake mwenyewe yenye chembe sahani nyingi, ambayo kweli imebeba VEGF na vichocheo vingine, zile zile chembe zilizoharibu maana ya kipimo chake. Kuna ripoti za ukuta kuongezeka baada ya PRP, nyingi ni za wagonjwa wachache na bila kundi la kulinganisha, na ukuta kuongezeka milimita moja si sawa na mtoto kuzaliwa. Nilimwambia hivyo hivyo bila kuzungusha. Nikamkumbusha pia ile ya kukwaruza ukuta ili eti upone na mishipa mipya, ilifanywa kila mahali kwa miaka, halafu 2019 ukatoka utafiti wa wanawake 1,364, waliokwaruzwa na wasiokwaruzwa wakazaa sawasawa, asilimia 26.1 kila upande. Akaamua tusubiri. Nakiri nilifarijika, kizazi kilichokwanguliwa mara mbili sikutaka kukichokonoa zaidi ya ilivyolazimu.

Miezi miwili baadaye kamera tena. Utando haujarudi, sehemu ndogo kulia bado imepauka, kipande cha pili hakina seli za plazima. Hedhi ikawa ya siku tatu, hiyo kwangu ilikuwa habari kubwa kuliko namba yoyote ya maabara.

Kwa kuwekewa mara ya nne tulibadilisha utaratibu. Anapevusha yai mwenyewe, mzunguko wake ni wa siku 29 bila kuyumba, sasa kwa nini tuizime ovari yake na vidonge? Yai likitoka kinabaki kile kifuko cha njano kwenye ovari, VEGF inakijenga ndani ya siku chache mpaka kinakuwa moja ya tishu zenye mishipa mingi kuliko zote mwilini, na kinatoa projesteroni na relaksini na vitu vingine vinavyoandaa mishipa ya mama. Kwenye utaratibu wa vidonge hicho kifuko hakipo, na mimba za namna hiyo zimeonekana kuwa na shinikizo la damu na priklampsia (presha ya mimba inayoweza kufikia kifafa) zaidi. Siku ya yai kutoka ukuta ulikuwa milimita 6.8, kwenye altrasaundi mistari mitatu ya ukuta inaonekana safi, dalili nzuri. Bado chini ya ile 7 inayotajwa sana kama kiwango cha chini. Alitaka tuahirishe, nikamwambia namba 7 ni alama ya tahadhari, mimba zinashika chini ya hapo, na ukuta wa 6.8 ulioota wenyewe kwenye tishu nzima naupenda kuliko wa 8 uliosukumwa na dawa.

Kiinitete kilikuwa cha daraja sawa na vile vitatu vya mwanzo, hakikupimwa kromosomu. Tulikiweka siku ya 5 baada ya ovulesheni, katikati kuelekea kushoto. Siku nne baadaye alinitumia meseji kuuliza kama apime, nikamwomba avumilie, maana kwa mimba za kawaida zilizofuatiliwa kila siku na kuchapishwa 1999, asilimia 84 zilijipandikiza siku ya 8, 9 au 10 baada ya ovulesheni, kupima mapema ni kujiumiza bure. Siku ya 10 baada ya kuwekewa hCG ilikuwa juu, siku mbili baadaye ikawa zaidi ya maradufu. Wiki ya 7 moyo unapiga, kifuko cha mimba kiko kushoto.

Siwezi kusema ni kipi kati ya vitatu kilifanya kazi, kukata makovu, kutibu inflamesheni au mzunguko wa asili, kwa mgonjwa mmoja hakuna namna ya kuvitenganisha, na kwa umri wake karibu theluthi ya blastosisti zinakuwa na kromosomu zenye kasoro, hivyo viwili vya kwanza vingeweza kushindwa hata kwenye ukuta mzuri. Kile cha tatu ndo ambacho sina namna ya kukilaumu.

Hapo wengi wangefunga faili. Tulimpima tena wiki ya 12, safari hii damu ya kweli yenye maana, PlGF, kwa sababu kondo linaimwaga moja kwa moja kwenye damu ya mama na kiwango kinaeleza kondo linavyojijenga. Ilikuwa chini, na dopla ya ateri za kizazi ikaonyesha ukinzani. Akaanzishwa aspirini miligramu 150 kila usiku hadi wiki ya 36, dozi ambayo kwenye utafiti wa 2017 ilishusha priklampsia ya kabla ya wiki 37 kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6 kwa wanawake wenye hatari. Presha yake haikupanda hata siku moja.

Alijifungua kawaida wiki ya 38, mtoto wa kike, kilo 2.7, akalia kabla hajakatwa kitovu. Kondo la nyuma halikutoka. Nusu saa, halitoki, damu imeanza, akapelekwa chumba cha upasuaji likatolewa kwa mkono, akaongezewa damu chupa mbili. Mwenzangu aliyelitoa aliniambia lilikuwa limeachia kote vizuri isipokuwa sehemu moja ya pembeni, juu kulia, limekamata pale kama limeshonwa. Nilifungua picha za kamera nikamwonyesha, ni pale pale palipopauka. Kondo lilipokua lilitambaa kutoka kushoto mpaka likafika kwenye kovu, na kwenye kovu hakuna ule ukuta laini wa kuizuia trofoblasti isichimbe kupita kiasi.

Viinitete vitatu bado viko kwenye baridi. Amesharudi kuuliza lini anaweza kujaribu tena, kaja na mtoto mgongoni, na nimemchorea ramani ya kizazi chake kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, kulia juu nimepaka wino mwekundu, ili popote atakapojifungulia mara ijayo wapime kondo limekaa wapi kuanzia wiki ya 20 na damu ya kuongeza iwe imeandaliwa kabla uchungu haujaanza.